Kapteni Mihayo Alikwenda Wapi

"Karatasi hungoja, shahidi hangoji." Maneno hayo mkuu wa ofisi aliwaambia vijana wake wawili asubuhi, walipomwomba waahirishe safari ya kwenda kumhoji mzee mmoja mpaka wamalize kwanza kusahihisha tarehe. Walinuna. Saa ya chai wakamkuta Bi Tausi, msahihishaji wa zamani wa ofisi hiyo ya kamusi elezo, aliyekuwa amepita kuwasalimu tu. Wakamuuliza methali hiyo imetoka wapi, maana shuleni hawakuisoma.

Bi Tausi akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Akavuta kiti.

"Hamkuisoma shuleni kwa sababu haikutoka shuleni. Ilizaliwa humu humu, na mama aliyeizaa hakuwa na furaha. Kaeni niwaeleze."

Enzi hizo ofisi hii ilikuwa na mhariri aitwaye Bwana Msabila. Alikuwa mtu mwema, msianze kumchukia mapema. Alikuwa na macho ya kuona kosa kwenye ukurasa kama mpishi anavyoona jiwe kwenye mchele. Tatizo lake lilikuwa utaratibu. Kila wasifu uliofika mezani kwake ulipanda ngazi: kwanza majina, kisha tarehe, kisha vyeo, kisha vitabu vilivyotajwa, kisha picha. Ngazi ya mwisho kabisa ilikuwa kuhoji watu. "Mahojiano ni chumvi," alizoea kusema. "Huwezi kutia chumvi kabla hujainjika chungu." Ofisi nzima iliitikia. Nani angebishana na mhariri mwenye mifano ya jikoni?

Wakati huo kamusi ilikuwa inaandaliwa toleo jipya, na Bwana Msabila akapewa wasifu wa Kapteni Nikodemu Mihayo, mzaliwa wa hapa hapa Tabora, aliyekufa katika vita vya mpakani. Wasifu wa zamani ulikuwa aibu tupu. Jina la baba yake lilikosewa, chuo cha kijeshi alichosomea hakikutajwa, na picha iliyowekwa ilikuwa ya mtu mwingine kabisa mwenye masharubu. Lakini mwishoni kulikuwa na sentensi moja iliyoandikwa vizuri bila kosa hata la mkato. Ilisema kwamba alfajiri ya mapigano ya daraja la Nsenga, Kapteni Mihayo alikiacha kikosi chake akatoroka, na mwili wake ukaokotwa mbali, upande wa juu wa mto.

Sentensi hiyo ilitoka katika kitabu kimoja cha historia ya kikosi, na mwandishi wa kitabu hicho hakuwapo darajani siku ile. Alichokijua ni kwamba askari walikuwa hapa na maiti ya kiongozi wao ilikuwa kule. Yaliyobaki aliyajaza mwenyewe.

Kapteni alikuwa na binti mmoja, Mwalimu Kalunde, aliyefundisha shule ya msingi mjini. Alikua akiitwa mtoto wa mtoro. Watoto wenzake walimwita hivyo, na alipokuwa mtu mzima watu waliacha kumwita, wakawa wanakaa kimya tu akipita, na kimya hicho kilimuuma zaidi. Mwaka ule halmashauri ya mji ilikuwa inajenga mnara wa mashujaa wa vita. Kamati ilikuwa imetangaza kwamba majina ya kuchongwa yatafuata kamusi elezo, toleo jipya. Kwa hiyo Mwalimu Kalunde alipofika ofisini na gauni lake la Jumapili, kila mtu alijua amefuata nini.

"Bwana Msabila," alisema baada ya salamu, "kuna mzee Urambo anaitwa Koplo Ntabo. Alikuwa mpiga redio wa baba. Ndiye pekee aliyekuwa naye asubuhi ile."

"Amekwambia nini?"

"Ameniambia baba hakutoroka. Nilipomuuliza alikwenda wapi, alikataa kusema. Alisema akiniambia mimi peke yangu watu watasema mtoto amejitungia. Amesema, mlete mwenye kitabu, nimweleze yeye alikokwenda kapteni."

Bwana Msabila alifurahi. Ndiyo, alifurahi kweli, maana ushahidi wa aina hiyo kanuni za kamusi ziliuruhusu: mzee anarekodiwa, kanda inahifadhiwa kwenye nyaraka, na mhariri anaitaja. Akamwahidi mwalimu kwamba watakwenda Urambo. Ila kwanza amalize ngazi za chini, asije akafika kwa mzee wa watu hajui hata tarehe ya kuzaliwa ya mtu anayemuulizia.

"Urambo si mbali," mwalimu alisema. "Tunakwenda na kurudi."

"Mwalimu, haraka haraka haina baraka."

Mwalimu Kalunde naye alikuwa na methali yake, kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini hakuisema. Alikuwa amekuja kuomba, na anayeomba huchagua maneno. Akaaga akaenda.

Basi Bwana Msabila akaingia kazini, na alifanya kazi, tusimnyime haki yake. Alikwenda misheni akachimbua rejesta ya ubatizo, akapata tarehe sahihi. Jina la baba alilirekebisha. Aliwaandikia chuo kimoja cha kijeshi akiwaomba wamthibitishie mwaka wa kupandishwa cheo, wakachelewa kujibu, akaandika tena. Picha ya mwenye masharubu aliing'oa kwa mkono wake mwenyewe. Alipopata picha ya kweli, aliona kwamba nyota za begani hazilingani na mwaka ulioandikwa nyuma yake, akaanza kutafuta mwaka. Wasifu ulikuwa unapendeza siku hadi siku. Asubuhi aliusoma kwa sauti, akitikisa kichwa kwa raha.

Mvua za masika zilipokaribia, Mwalimu Kalunde alirudi. Safari hii hakukaa.

"Nilikwenda kumwona Mzee Ntabo. Amenisahau jina. Aliniita kwa jina la marehemu dada yake."

"Wazee husahau majina," Bwana Msabila alisema kwa upole. "Hata mimi nawachanganya wanangu."

"Bwana Msabila, naogopa."

Yeye alimtazama, na moyoni alisikia kitu kikimvuta ainuke achukue kinasa sauti waende stendi saa ile ile. Baadaye alikiri hivyo mwenyewe. Lakini mezani kulikuwa na picha, na zile nyota za begani zilikuwa bado hazijapata mwaka. Alimwambia, "Nimalize picha tu. Picha ikikaa sawa, tunaondoka."

Picha ilikaa sawa. Mvua nazo zilinyesha, njia ikaharibika, ikatengenezwa. Siku waliyopanda basi kwenda Urambo jua lilikuwa linawaka, na Bwana Msabila alikuwa amevaa koti. Mkobani alikuwa na wasifu uliosafishwa ngazi zote, na mahali palipoachwa nafasi nyeupe kwa ajili ya aya moja tu.

Mzee Ntabo walimkuta nyumbani kwa mwanawe, amekaa kivulini amefunikwa shuka begani. Mkwe wake aliwapokea kwa heshima, akawaletea maji ya kunywa, kisha akamwinamia Mwalimu Kalunde akasema polepole, "Siku hizi kuna asubuhi anakuwapo na asubuhi hayupo. Leo sijui."

Bwana Msabila alimwamkia mzee, akawasha kinasa sauti, akauliza.

"Mzee, asubuhi ile ya daraja la Nsenga, Kapteni Mihayo alikwenda wapi?"

Mzee aliinua uso. Macho yalikuwa maangavu, na sauti ilipotoka ilikuwa ya askari. "Kapteni aliniambia, Ntabo, kaa na redio. Huko juu kwenye kivuko kuna wanawake na watoto wanavuka, na njia ile tumeitega mabomu wenyewe. Nakwenda kuwarudisha. Usimtume mtu, njia naijua mimi niliyeitega."

Mwalimu Kalunde alifunika mdomo kwa kanga. Bwana Msabila akasogeza kinasa sauti karibu.

"Akaenda, mzee? Wewe ulimwona akienda?"

"Nilimwona. Tulikwenda wote." Mzee alijivuta shuka begani. "La, meja alimwita kwenye redio. Alikwenda kwa meja kuchukua risasi. Mbuzi walikuwa wameingia kwenye mihogo ya mama, nikapigwa mimi."

"Mzee, turudi kwenye kivuko. Wale watoto."

"Watoto gani?"

Walimsubiri. Walimpa maji. Mkwe alimkumbusha, mwalimu alimpigia magoti akamtajia jina la baba yake. Bwana Msabila aliuliza tena taratibu, kwa maneno mengine, na mzee akajibu kila mara kwa sauti ile ile ya uhakika. Mara kapteni alikuwa kivukoni. Mara alikuwa kwa meja. Mara alisema, "Alikimbia. Sote tulikimbia, nani asingekimbia?" Na kila jibu lilikuwa na mvua yake, na jiwe lake, na jina la askari aliyesimama pembeni, hata usingeweza kusema hili limetoka darajani na hili limetoka usingizini.

Mwisho mzee alimtazama Bwana Msabila na koti lake, akajaribu kuinuka, akapiga saluti akiwa amekaa.

"Afande," alisema, "umechelewa. Tumekuita sana kwenye redio."

Bwana Msabila alisimama wima. Aliirudisha ile saluti. Kisha akazima kinasa sauti, akainama akalia mbele za watu, mtu mzima na koti lake.

Basi la kurudi lilikuwa limekaribia mjini. Ndipo Mwalimu Kalunde akauliza, "Utaandika lipi?"

"Natamani kuandika la kwanza."

"Liandike basi. Umelisikia kwa masikio yako. Limo kwenye kanda."

"Na mengine yamo kwenye kanda. Nikichukua lile tunalolipenda nikayafuta haya mengine, nitakuwa nimefanya kama yule aliyeandika kwamba alitoroka. Atakuja mtu atasikiliza kanda yote, na atasema binti wa Mihayo na mhariri wamepika habari. Jina la baba yako litachafuka mara ya pili."

"Lakini unaamini?"

"Naamini alikwenda kwenye kivuko. Naamini kama ninavyokuona hapo ulipo. Kuamini kwangu si ushahidi, dada."

Alikuwa hajawahi kumwita dada. Mwalimu aligeukia dirishani.

Bwana Msabila alifanya alichoweza. Aliifuta ile sentensi ya kutoroka, kwa kuwa alionyesha kwamba mwandishi wa kitabu hakuwapo. Mahali pake aliandika kwamba sababu ya Kapteni Mihayo kuondoka darajani haijulikani. Toleo jipya lilipotoka, wakubwa walimsifu. Walisema huo ndio wasifu ulioandikwa vizuri kuliko wote kitabuni: tarehe sahihi, vyeo sahihi, picha safi. Kamati ya mnara nayo iliusoma. Ikajibu kwamba mnara unajengwa kwa ajili ya mashujaa, na mtu ambaye haijulikani alikwenda wapi hawezi kuchongwa pamoja nao mpaka ijulikane.

Mwalimu Kalunde alikuja ofisini mara ya mwisho, na nakala mkononi. Wengi tulijifanya tuna kazi. Bwana Msabila alisimama akampa kiti, mwalimu akakataa.

"Umeandika vizuri," alisema mwalimu. "Hata siku ya kubatizwa kwake nilikuwa siijui. Nakushukuru kwa hiyo."

"Nisamehe, dada."

"Nimekusamehe. Lakini nikuulize. Rejesta ya misheni ingekimbilia wapi? Ile picha ingekwenda wapi? Imekaa kwenye kabati tangu baba afe, ingekaa mpaka leo. Nilikuja kwako mara ya kwanza Mzee Ntabo akiwa na akili zake zote, anakusubiri wewe." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Karatasi hungoja, Bwana Msabila. Shahidi hangoji."

Akaiweka nakala mezani, akatoka. Mzee Ntabo alifariki kabla ya mwaka kwisha, na lile lililotokea kwenye kivuko cha Nsenga, kama lilitokea, alikwenda nalo.

Bwana Msabila aliendelea na kazi hapa mpaka alipostaafu, ila zile ngazi alizipindua. Mtu akimletea wasifu, hata uwe na makosa ya kuchekesha, hakuugusa. Aliuliza kwanza, "Nani aliyemjua huyu bado yuko hai?" Na kijana akianza kujitetea kwamba bado anatafuta tarehe, alimkatiza kwa maneno ya Mwalimu Kalunde, na hakuwahi kuyasema bila kutazama chini. Ndivyo yalivyosambaa, kutoka kwake hadi kwa mkuu wenu, na kutoka kwa mkuu wenu hadi kwenu leo asubuhi.

Chai ilikuwa imepoa. Mmoja wa wale vijana aliuliza kama jina la kapteni liliwahi kuongezwa kwenye mnara.

"Nendeni mkautazame," alisema Bi Tausi. "Halipo. Kila mwaka siku ya mashujaa Mwalimu Kalunde husimama pale na wanafunzi wake, anawasomea majina ya baba za watu wengine mpaka mwisho, kisha anawarudisha darasani. Karatasi hungoja, wanangu. Shahidi hangoji."