Kinu Kiliponyamaza

Fikirini nami kilima kimoja, wapendwa, chenye kinu ubavuni mwake. Sisemi kinu cha mama zetu cha kutwangia mahindi. Nasema kinu kikubwa cha kusagia mawe, ili dhahabu itoke ndani yake.

Leo ukifika pale utakuta kuta tu. Paa limeondoka, popo wamehamia, na ndani ya tangi la maji umeota mkuyu. Lakini zamani nyundo ishirini za chuma zilipanda na kushuka mle ndani, mchana na usiku, Jumapili na sikukuu. Ardhi ilitetemeka taratibu. Maji ya mtungini yalitetemeka. Vumbi jeupe lilitua juu ya mapaa, juu ya mbuzi, juu ya kope za watu, hata mgeni akifika alidhani kijiji kizima kinatembea usingizini.

Na kelele je? Walizizoea. Wahenga walisema kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi. Hawa, kelele ndizo zilizowapa usingizi. Mtoto alizaliwa ndani yake, akabembelezwa nazo.

Sasa niambieni, watu wa namna hiyo huzungumzaje? Walikuwa na desturi yao. Mwenzako anakwambia jambo, unaona midomo inacheza, sauti huipati. Kumwomba arudie ni kumchosha bure. Basi unaitikia kwa kichwa, naye anaridhika anakwenda zake. Mle kijijini watu waliuziana mbuzi kwa vichwa, wakaposa na kuposwa kwa vichwa. Msicheke, nitawafikia.

Palikuwa na fundi mmoja na mkewe. Fundi ndiye aliyezipaka nyundo zile grisi, miaka kumi na miwili, na kwa kweli alizipenda. Mkewe alifagia vumbi asubuhi, jioni akalikuta limerudi.

Siku moja mawe ya kilimani yakaisha dhahabu. Wenye kinu wakazima mtambo, wakafungasha vitu vyao, wakaondoka. Saa nane mchana nyundo ya mwisho ilishuka, na haikupanda tena.

Ndugu zangu, ukimya uliingia kijijini kama ukungu. Watu walitoka, wakasimama milangoni. Mzee mmoja alisikia kuku akipekua majani makavu, akauliza ni kitu gani hicho. Mama mmoja alisikia pumzi za mtoto wake mchanga, akakaa chini akalia, wala hakujua kwa nini. Kumbe majani yana sauti. Kumbe maji yana sauti. Siku tatu walitembea polepole, wakiongea kwa kunong'ona, wakisimama njiani kusikiliza upepo. Ila kulala hawakuweza.

Siku ya nne, alasiri, wakamwendea fundi. Wakamwambia, "Fundi, tutakufa kwa kukosa usingizi. Tupigie chuma basi, hata kidogo."

Fundi alifurahi, maana yeye alikuwa ameumia kuliko wote; siku zile tatu alishinda na kukesha kule kinuni, kando ya nyundo zake. Akatundika kipande cha reli uani kwake, akashika nyundo. Mkewe akatoka jikoni, akasema, "Baba watoto, kabla hujaanza, nina neno." Fundi akaitikia kwa kichwa, akainua nyundo.

Mkono ukiwa juu, akasikia kikohozi. Kirefu, kikavu, kinatoka chini kabisa ya kifua. Akageuka amwone mgeni aliyeingia. Hapakuwa na mgeni.

Akashusha nyundo. "Mke wangu, kikohozi hicho kimekuanza lini?"

"Huu ni mwaka wa saba."

"Miaka saba, na hukuniambia?"

Mkewe akamtazama. "Nilikwambia. Nilikwambia ukila, nilikwambia ukivaa viatu. Nilisema kifua kinaniua, nipeleke hospitali. Kila mara uliniitikia kwa kichwa. Watu wengine nilijua wanaitikia bila kusikia. Wewe nilidhani unanisikia. Mwisho nikasema basi, amesikia, na ameamua nibaki hivi."

Alfajiri yake fundi alimpeleka hospitali. Daktari alimpima, akamvuta mume pembeni, akasema vumbi limeshayala mapafu. Yule mama aliishi msimu mmoja tu wa mvua. Mumewe alikaa kando ya kitanda akimsikiliza, na katika wiki zile chache akagundua kwamba mkewe ni mcheshi. Miaka kumi na miwili ya ndoa, hakuwa na habari.

Nani aliyemuua mama yule? Mtasema vumbi, nami sibishi. Lakini yule bwana hakuwa mtu mbaya. Hakumpiga, hakumnyima chakula. Aliitikia tu, na hilo ndilo linalonitisha.

Sisi hapa hatuna kinu. Tuna simu, tuna biashara, tuna vikao vya harusi, tuna vipaza sauti vya kwaya, na mnaye mchungaji anayependa kuhubiri. Mke anasema jambo, tunaitikia. Mtoto haleti tena madaftari yake, anasimama mlangoni anasema neno, tunaitikia. Mama mzazi anapiga simu kutoka kijijini, anasema, "Mimi sijambo, ila miguu tu." Tunasema haya mama, na simu tunakata.

Nami sijitoi. Wiki tatu zilizopita mjane mmoja wa kanisa hili alinishika mkono pale mlangoni, akaniambia neno. Nyuma yake kulikuwa na mstari mrefu. Nikamwambia, "Bwana asifiwe, mama," nikampa mkono aliyefuata. Alisema nini? Sijui. Tangu siku ile kiti chake ni kitupu.

Kwa hiyo leo msinisubiri mlangoni. Nitafunga kwa sala fupi, kisha nakwenda kwake kumwuliza. Nanyi kila mmoja anamjua wa kwake.