Picha Iliyopigwa Kabla ya Tatu

Hapo zamani, zamani ya juzi tu ambayo hata watoto wenu wanaikumbuka, palikuwa na mwalimu wa shule ya msingi mjini Tanga, jina lake Saumu. Saumu alipenda kupiga picha kuliko kula. Mara tatu alipeleka picha zake kwenye maonyesho makubwa ya sanaa kule Dar es Salaam, na mara tatu zikakataliwa. Kila zilipokataliwa alizifungia kabatini, akaenda darasani kufundisha hesabu, wala hakumwambia mtu.

Mwaka huo, likizo ilipofika, Saumu alimchukua mama yake, Bi Time, wakaenda Pemba. Walikwenda wanne: Saumu, mumewe Makame ambaye ni fundi cherehani, Zuwena mdogo wake Saumu, na Bi Time mwenyewe. Ilikuwa safari ya kupumzika, lakini wote walijua kuna jambo. Pemba aliishi Bi Raya, dada mkubwa wa Bi Time, na ndugu hao wawili hawakuwa wamesemezana miaka kumi na tisa. Mama yao alipofariki huko Pemba, bahari ilichafuka, meli haikuondoka Tanga, na Bi Time hakuyawahi maziko. Bi Raya hakuikubali sababu ile. "Angetaka kuja, angekuja," alisema, na hakusema tena.

Walipokewa vizuri. Walikula mkate wa mofa kwa mchuzi wa pweza, wakaoga pwani hadi Makame akaungua pua. Zuwena alikwenda kutazama popo wakubwa, akarudi anaringa kwamba hakuogopa. Saumu alipiga picha kila kitu: pua ya mumewe, popo, kuku wa jirani. Ila Bi Time na Bi Raya walikuwa wakiamkiana kama watu waliokutana kwenye foleni ya hospitali. "Umeamkaje?" "Salama." Wamemaliza.

Siku ya nne asubuhi, karafuu zilianikwa majamvini uwanjani kwa Bi Raya, na jua lilikuwa bado changa. Saumu aliona picha. Nusu saa nzima alipanga. Alisogeza jamvi, akambadilisha mama yake kanga, akamvisha nyekundu. Akamketisha Bi Raya kushoto, Zuwena nyuma. Akaitengeneza kamera, akampa mumewe, kisha yeye mwenyewe akaenda kukaa na wenzake.

"Mimi siyajui mambo haya," Makame akasema.

"Huna haja ya kujua. Nikifika tatu, bonyeza."

Akahesabu. "Moja. Mbili..."

Hapo Bi Raya aliona kanga ya mdogo wake imeteleza begani. Akanyoosha mkono kuirudisha, kama alivyokuwa akimtengenezea walipokuwa watoto. Bi Time akaukamata mkono ule, akaubana shavuni, akafumba macho.

Makame akabonyeza.

"Nimesema tatu!" Saumu akasema kwa hasira.

"Nimeona," Makame akajibu.

"Umeona nini?"

"Sijui. Nimeona tu."

Kando ya Saumu wale ndugu wawili walikuwa wanalia. Walilia, wakacheka, wakalia tena, na siku ile chakula cha mchana kilichelewa hadi alasiri.

Jioni Saumu aliketi kufuta picha mbovu. Alipofika kwenye ile, aliona uso wake mwenyewe umetoka ukungu mtupu kwa sababu aligeuka Bi Raya aliponyoosha mkono. Akasema, "Hii imeharibika." Kidole kilikuwa kinashuka, Zuwena akamshika mkono.

"Usiifute, dada. Nipe mimi."

"Utafanyia nini?"

"Nipe tu."

Akampa, akaisahau.

Miezi ikapita. Saumu alichagua picha zake tatu nzuri kuliko zote, akazipeleka maonyesho. Zikakataliwa. Hata hivyo alisema, safari hii nitakwenda japo kutazama. Wakaenda wote, na Bi Raya akavuka kutoka Pemba kuandamana na mdogo wake, maana tangu siku ile hawakuacha kutembeleana.

Kulikuwa na vinyago, batiki, na farasi aliyeundwa kwa vipuri vya pikipiki. Saumu alitembea polepole, moyo ukimuuma kidogo. Akakunja kona. Ukutani, kubwa kama mlango, ilining'inia ile picha aliyotaka kuifuta.

Zuwena alikuwa ameipeleka. Alimwomba ruhusa mama yake, akapewa, akaandika kwenye fomu: familia ya Bi Time.

Msimamizi, mama mmoja mwenye miwani, akawajia. "Picha hii imeshinda. Mshindi atakaa miezi mitatu Bagamoyo akifundishwa na mabingwa, na jina lake litabaki chini ya picha. Lakini familia nzima siwezi kuiandika. Nataka jina moja. Nani?"

Saumu akasema, "Kamera yangu, jamvi nililisogeza mimi, kanga ile nyekundu nimeichagua mimi. Miaka yote hii ni mimi niliyehangaika. Bila mimi pasingekuwa na picha."

Makame akasema, "Mke wangu, kweli. Ila ningesubiri hadi tatu, ungepata watu wanne wamekakamaa. Niliyeona ni mimi. Bagamoyo sina haja nako, lakini mtaa mzima unaniita mume wa mwalimu. Safari moja nami niandikwe kwa jina langu."

Zuwena akasema, "Wewe dada uliitupa. Wewe shemeji hukuiulizia tena. Mimi ndiye niliyejua ni picha. Na mimi pia natamani kujifunza, ila hakuna aliyewahi kuniuliza."

Bi Time, aliyekuwa ameketi na dada yake kwenye viti vya plastiki, akawatazama. "Mnagombania kidole na mashine. Watu wanasimama pale wanajifuta machozi, wanaililia kamera? Wanatulilia sisi. Miaka kumi na tisa, wanangu."

"Na mkono ni wangu," Bi Raya akasema taratibu. "Nimeutoa mimi kwanza."

Hakuna aliyepaza sauti. Mama mwenye miwani akaiweka fomu mezani.

Ndipo Makame akasema, "Aandike Saumu. Yeye ndiye mwalimu. Atakaloandika, mimi nimekubali." Zuwena akasita, kisha akaitikia. Wazee nao wakaitikia.

Saumu akaketi. Alikuwa ameingoja fomu ile miaka mingi. Akakumbuka picha zilizokataliwa, alizozifungia kabatini. Akakumbuka pia kidole chake kikishuka, na neno alilotamka: imeharibika. Aliinua macho, akawaona wote wanne wanamngoja bila chuki. Kama angemwona hata mmoja amenuna, kazi ingekuwa rahisi.

Akafungua kalamu.

Sasa ninyi mnaonisikiliza, msiniangalie mimi. Aliyepanga, aliyeona, aliyeokoa, au wale wawili waliopatana: mngeketi ninyi kwenye kiti kile cha Saumu, mngeandika jina la nani?