Saa ya Dhahabu ya Sultani Muhsini

Saa haichemshi maji. Nimemwambia Shani hivyo sasa hivi kwa sababu amefunua sufuria mara tatu, nanyi mmecheka, kisha mkaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Yalianza hivi.

Katika karne ya kumi na tisa, Sultani Muhsini, mtawala wa kisiwa kimoja, aliagiza vitu viwili kutoka ng'ambo: gari moshi dogo la kumpeleka shambani kwake, mwendo wa maili saba, na saa ya dhahabu. Siku hizo mji wote ulihesabu saa kwa jua. Mzinga ulipigwa jua likichwa, na kila mwenye saa akairekebisha iseme kumi na mbili. Sultani peke yake, tangu saa yake ilipowekwa sawa na mzinga mwezi wa Novemba, hakufanya hivyo. Muuzaji alimwapia kwamba saa ile haikosei, naye akaona kuigusa ni kuidharau.

Na kweli haikukosea. Lililohama ni jua. Toka Novemba hadi Februari, jua la kisiwa kile huchelewa kuchwa kidogo kidogo, mpaka ikatimia karibu nusu saa, na saa ya Sultani ikawa mbele ya saa ya mji kwa kiasi hicho.

Asubuhi moja ya Februari, safari ilipangwa iwe saa tatu kamili. Mzee Farijala, mchochea moto, aliwasha kuni saa moja kwa saa ya mji, maana maji ya mtambo yalihitaji saa mbili ili yatoe mvuke wa kutosha. Saa mbili na nusu kwa saa hiyo ya mji Sultani akatokea, saa yake mkononi. Bibi Zafarani, yaya aliyemlea, alikuwa ameshakaa behewani.

"Saa tatu hii. Twende," alisema Sultani.

"Maji bado, Seyyid."

"Nilisema saa tatu."

"Mimi nilisikia, Seyyid. Maji ndiyo hayakusikia."

Walinzi wakatazama chini. Sultani akasema taratibu kwamba kuanzia kesho moto huo utachochewa na mtu mwingine. Farijala alikuwa ameutunza mtambo ule miaka minne, akizisugua shaba zake kwa ndimu na majivu. Alitia kuni.

Bibi Zafarani akatoa kichwa dirishani. "Muhsini, jana mzinga ulipolia, saa yako ilisema ngapi?"

"Kumi na mbili na nusu."

"Ukadhani nini?"

"Nilidhani mpiga mzinga kalala."

"Na juzi?"

Sultani akaitazama saa yake.

"Tangu mdogo ndiyo tabia yako," alisema Bibi. "Nabandika uji, wewe unafunua chungu, uji unazidi kuchelewa. Saa haichemshi maji, mwanangu. Njoo ukae."

Akaenda akakaa. Baada ya nusu saa filimbi ililia. Sultani aliitoa saa yake, ikasema tatu na nusu. Akaurudisha mshale hadi tatu kamili, kisha akaita mbele, "Mzee Farijala, na kesho ni wewe."

"Nimesikia, Seyyid," Farijala alijibu. "Na maji yamesikia."

Basi Shani, rudisha mfuniko. Saa haichemshi maji.