Kizimba Kilichonyamaza

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanaezeka nyumba na kugombana na wakwe zao, Sungura alikamatwa na njugu mdomoni. Shamba lilikuwa la Tembo, mlinzi alikuwa Fisi, na njugu zilikuwa zimejaa mno hata Sungura hakuweza kusema uongo. Ndiyo siku pekee maishani mwake aliyokosa la kusema.

Msimwonee huruma. Mwizi alikuwa mwizi.

Fisi akambeba kwa masikio mpaka nyumbani, akamtia katika kizimba cha fito nyuma ya jiko, akamwekea sahani ya bati, akafunga mlango kwa kamba ya katani.

"Mama Chausiku!" akamwita mkewe. "Kitoweo cha posa ya binti yetu nimekipata!"

Mama Chausiku akatoka jikoni akipangusa mikono. Akamtazama Sungura kuanzia juu mpaka chini. Safari yenyewe ilikuwa fupi.

"Huyu? Wageni wavuke mto mzima, tuje tuwape huyu?"

"Atanenepa."

"Basi mchinje leo, nyama tuikaushe."

"Ukishaikausha, mshenga ataonyeshwa nini?"

Hapo Mama Chausiku akakubali, maana mumewe alisema kweli. Kwa fisi, nyama ya posa lazima mgeni aione ikipumua. Mnyama huletwa barazani, mshenga humtazama macho, humbonyeza mbavu, ndipo achinjwe. Bila hivyo atasema ameandaliwa mzoga uliookotwa njiani. Fisi wanajuana.

Sungura aliyasikia yote kutoka kizimbani. Akaelewa kwamba ataliwa, ila hataliwa mpaka mgeni afike.

Akaanza kwa meno. Krrr! Krrr! Krrr! Akazitafuna fito asubuhi nzima. Zilikuwa za mti mgumu. Meno yakauma, fito zikabaki. Kwa hasira akapiga mguu wa nyuma, tu! tu! tu! Kisha akaing'ata ile sahani na kuitupa. Kwang'!

Sasa, mlinzi wa usiku hulala mchana, hilo mnalijua hata nyie. Fisi akatoka nje macho mekundu, shuka begani.

"We! Una nini wewe?"

Kabla Sungura hajatafuta jibu, kiazi kitamu kikamwangukia miguuni.

"Kula, ufunge mdomo!"

Sungura akala. Huku anatafuna, akafikiri, maana kwake yeye mdomo na akili havijawahi kugombania nafasi.

Kesho yake akajaribu tena. Kwang'! Kiazi. Adhuhuri, kwang'! Kiazi na jani la kabichi. Akaachana na habari ya kukata fito. Alikuwa amepata kazi.

"Baba Chausiku," akasema mkewe, "unamfundisha huyo."

"Namnyamazisha."

"Anapiga sahani, unampa kiazi. Ungekuwa wewe, ungeacha?"

Fisi akafikiri kwa uaminifu. "Mimi ningepiga kwa nguvu zaidi."

"Haya."

Wakakubaliana wasimjali. Apige, alie, avunje, mtu asitoke. Ulikuwa uamuzi mzuri, wa mke mwenye akili, na uliharibiwa na mume mwenye usingizi.

Kwang'! Hakuna aliyetoka. Kwang'! Kwang'! Hakuna. Sungura akatoka kijasho nyuma ya masikio. Akaona pengine mchezo umekwisha. Akaamua kuunganisha: meno kwenye fito, mguu chini, sahani mlangoni. Krrr! Tu! Tu! Kwang'!

Ndani kitanda kikalia. Mlango ukalia. Fisi akatokea na kikapu kizima.

"Chukua vyote! Chukua, nilale!"

Tangu hapo Sungura akajua kipimo: asiache mpaka asikie kitanda.

Lakini kiazi kinanenepesha, na aliyenenepa anaonyeshwa mshenga. Sungura akajipapasa mbavu. Zilikuwa zimeanza kupotea. Akaona aombe kitu kisicholiwa.

Siku hiyo alipiga sahani mpaka Fisi akaja akakaa chini kabisa, kichwa mikononi.

"Mwanangu, niambie. Unataka nini?"

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Mimi? Mimi sitaki kitu. Hizi kelele si zangu, ni za hiki kizimba."

"Kizimba ndicho kinachotupa sahani?"

"Mjomba, meno ya sungura yanaota kila siku. Nisipopata kijiti cha kutafuna, nitatafuna nyumba yako. Niletee kijiti uone."

Akaletewa kijiti cha mpera. Ile krrr ikaisha kweli. Fisi akalala hadi alasiri, akaamka anaimba. Hakuumaliza wimbo.

Tu! Tu! Tu!

"Na sasa?"

"Miguu, mjomba. Hii imeumbwa iruke. Hapa nikigeuka, mkia unabaki nje. Panua kidogo."

Fisi akakata fito mpya, akakipanua kizimba mpaka kwenye ukuta wa jiko. Sungura akaruka huku, akaruka kule, akanyamaza.

Mama Chausiku akapita na ndoo, akasimama, mkono kiunoni. "Mfungwa wako sasa ana sebule."

"Amenyamaza, hajanyamaza?"

"Amenyamaza. Na bado atataka kitu."

"Hataki kitu tena."

Kwang'!

Mama Chausiku akaendelea na safari yake ya maji. Hakusema neno, na mume alilisikia lote.

"Mjomba, usikasirike," akasema Sungura. "Kuna jambo moja tu limebaki, nami naona haya kulisema."

"Sema, kabla sijalia."

"Sungura asipochimbachimba kidogo, roho haitulii. Ni maumbile tu, kama ninyi na kucheka. Ng'oa hizi fito za chini, nyayo ziguse udongo. Hutanisikia tena."

"Kabisa?"

"Naapa kwa masikio yangu."

Mwenye masikio marefu vile akiapa kwayo, mtu huamini. Fisi akaing'oa sakafu kwa mikono yake mwenyewe, akatandaza majani makavu, akamtakia Sungura usingizi mwema.

Na nisikilizeni vizuri, Sungura hakusema uongo hata kidogo. Sungura hutafuna, huruka, huchimba, na akinyimwa hayo hupiga kelele hadi mtaa mzima uhame. Yote ni kweli. Fisi hakukosea kuamini. Alikosea mahali pengine, ngojeni.

Kizimba kikanyamaza. Fisi akalala, akanenepa yeye. Chini ya majani Sungura alikuwa anachimba polepole, udongo anautandaza, anaukanyaga, anaufunika. Alipochoka, alikaa juu ya shimo kama kuku anayeatamia.

Mama Chausiku akaja na kijiti mkononi.

"Wewe."

"Shikamoo, mama."

"Mbona umetulia?"

"Nimeridhika, mama."

"Na hii sakafu, mbona kama imepanda?"

Moyo wa Sungura ukapiga tu! tu! wenyewe, bila mguu. "Ni kunenepa, mama. Nimejaa, basi naonekana niko juu."

Akamtazama sana. Akampiga kijiti cha mgongo asogee. Sungura akajilegeza, akafumba macho, akakoroma. Mama akasonya, akarudi ndani.

"Baba Chausiku, mimi kimya hiki sikipendi. Alipokuwa anagonga, nilijua yupo."

"Mke wangu, nakuomba. Usiniamshe ukaniambia kuna kimya."

Ijumaa wageni wakavuka mto. Sungura akasikia "Hodi!" na "Karibuni!" na mikeka ikikung'utwa. Akaibeba sahani yake kwa meno, akatumbukia shimoni, akatokea katikati ya mihogo iliyopandwa kando ya nyumba, mahali anapoiona baraza yote. Mwenye akili angekimbia. Yeye alitaka kusikia.

Mshenga alikuwa fisi mzee aliyekatika sikio. Akakaa, akanyoosha miguu, akatega sikio lililobaki.

"Nyumba yenu imetulia. Kwingine ukienda na posa, unasikia vyombo vinagongana ndani, unajua mama wa binti hakutaki."

Fisi akavimba kifua. "Hapa, mzee wangu, kimya nimekijenga kwa mikono yangu."

"Nakiona. Basi tuonyesheni kitoweo."

Fisi akaenda nyuma ya jiko. Akakaa huko muda mrefu kuliko inavyohitajika kufungua kamba. Aliporudi, alikuwa na majani makavu mkononi.

"Kiko wapi?" akauliza mshenga.

"Kilikuwepo."

"Kilikuwepo." Mshenga akaokota bakora yake. "Baba Chausiku, kila mzoga uliwahi kuwepo."

Wakaondoka. Hata maji hawakuyagusa. Chausiku mwenyewe, aliyekuwa amekalishwa chumbani, akaambiwa akanawe hina, kana kwamba hina hunawika.

Mtu na mkewe wakabaki kwenye mkeka, hawatazamani.

Ndipo huko kwenye mihogo ikalia: Kwang'! Kwang'! Kwang'!

Fisi akainuka. Akaingia jikoni, akachagua kiazi kikubwa, akatoka nacho mpaka penye kizimba, akaukuta mlango uko wazi kama alivyouacha, kamba ya katani iko chini. Hapo ndipo alipokumbuka.

Mkewe akamtazama. Akakitazama kiazi.

"Si umpelekee," akasema. "Atakuwa na njaa, amechimba sana."

Nami nawaambia hivi, kisha mwende mkalale: aliyezoea kupiga kelele nyumbani mwako akinyamaza ghafla, kabla hujashukuru, nenda kamtazame.