Jiwe la Kusagia la Litundu

Sogeeni karibu. Hadithi hii nitaianza mimi, ila kuimaliza ni kazi yenu.

Bi Apolonia alikuwa na watoto watatu. Skolastika alichora ramani kwa kompyuta katika ofisi ya maji. Fridolini alifundisha kwaya, na sikio lake lilinasa kila sauti. Gaudensi alirina asali, na hakuna pori lililomtisha.

Macho ya Bi Apolonia yalikuwa yakififia, na daktari alishamwambia hayatapona. Jioni moja akawaambia wanawe, "Kabla giza halijanifunga, nataka niione Litundu."

Litundu ndiko alikozaliwa. Alikuwa msichana mdogo walipohamishiwa kijiji kipya, na pori likazimeza nyumba walizoziacha. Alikumbuka moshi wa asubuhi, harufu ya ulezi, na mama yake akiimba huku anasaga. Njia hakuikumbuka. Hata mto wao hakujua jina lake. Nyumbani walisema "mtoni" tu.

Skolastika akafungua kompyuta. Ramani yake ilikuwa na matabaka mawili: moja la mito ya leo, jingine la makazi ya zamani, kila makazi yameandikiwa mto wake. Litundu ilikuwamo, kando ya mto Ruwekera. Lakini alipojaribu kuyaunganisha matabaka, kompyuta ikagoma. Safu ya majina huku iliitwa "Mto", kule "Jina la maji", na majina yenyewe yalipishana herufi. Wiki baada ya wiki akalinganisha safu kwa safu, jina kwa jina, mpaka ikabaki mito miwili: Luhekela na Luhekelo. Hapo akakwama.

"Mama, mito hii iko mbali, mmoja na mwingine. Nikikosea, nitakutesa bure."

Fridolini akamwomba dada yake amsomee kwa sauti majina yote, ya huku na ya kule. Akafumba macho, akasikiliza mpaka chai ikapoa.

"Aliyeandika makazi alikuwa mgeni," alisema. "Kila 'l' yetu kaigeuza 'r', na 'h' katikati ya neno kaifanya 'w'. Ila mwisho wa neno hajaugusa hata mara moja. Ni Luhekela, kwa lugha yetu mto unaocheka."

Bi Apolonia akashika kifua. "Ulikuwa unacheka kweli! Pale kwenye mawe!"

Lakini Luhekela ni mto mrefu, na kingo zake zote ni msitu. Gaudensi akaufuata peke yake. Chakula kikamwishia, akalala juu ya miti kwa kuogopa tembo. Alirudi anachechemea, miguu imechanika, uso unang'aa.

"Nimekuta mibuni imeota kwa mstari. Pori halipandi kwa mstari."

Akarudi tena na panga kumfyekea mama yake njia.

Siku walipompeleka, Bi Apolonia aliusikia mto kabla ya kuuona. Akasimama, machozi yakamtoka. Kisha mguu wake ukagonga kitu chini ya majani. Akainama, akapapasa: jiwe la kusagia, katikati limeliwa na mikono ya mama yake. Akapiga magoti, akasukuma viganja mbele na nyuma, akaimba kipande cha ule wimbo. Mwisho wake ulikuwa umempotea.

"Jiwe hili mama alirithi kwa mama yake," alisema. "Hurithiwa na mtoto mmoja tu. Nitampa aliyenileta hapa."

"Bila ramani tungeanzia wapi?" akauliza Skolastika.

"Na ramani hiyo ilikuwa na mito miwili, dada," akasema Fridolini.

Gaudensi akatazama miguu yake. "Bila mimi, mama angeishia kuionea Litundu kwenye kioo cha kompyuta."

Bi Apolonia aliwatazama mmoja mmoja, kwa mwanga mdogo uliombakia, na kila uso akauona unafanana na wa mama yake.

Walilibeba jiwe kwa kupokezana mpaka nyumbani. Liko sebuleni kwake hadi leo, halina mrithi, na kila mgeni akiingia Bi Apolonia humshika mkono na kumuuliza ninachowauliza nyinyi: je, wewe ungempa nani?