Mwavuli Uliokunjwa kwa Dakika Kumi

Methali isemayo "Ukiona vyaelea, vimeundwa" hutufundisha kwamba kila kinachopendeza machoni kimepita kwanza katika mikono ya mtu aliyetoka jasho. Mtazamaji huuona mwendo wa kitu. Taabu ya kukitengeneza haioni, na mara nyingi hataki hata kuisikia. Huzaifa wa Mtua alifundishwa methali hii shuleni akapata alama ya vema. Kuielewa kulimchukua miaka kumi mingine na mita elfu nne za hewa.

Mwaka juzi klabu moja ya warukaji kwa miavuli ilipiga kambi kwenye uwanja wa ndege wa Nachingwea. Wanachama wake hawakupenda kuporomoka kama jiwe na kufungua mwavuli karibu na ardhi, kama inavyoonekana kwenye simu za vijana. Waliruka kutoka juu sana, wakafungua papo hapo, kisha wakaelea dakika ishirini na ushei wakitazama mikorosho, mashamba ya ufuta na barabara inayokwenda Ruangwa. Mji ulihamia uwanjani. Mwenye mandazi aliuza mandazi, mwenye maneno akagawa maneno, na Mwamina, shangazi yake Huzaifa, alikuwa na vyote viwili.

Huzaifa alikuwa dereva wa bodaboda. Alianza kwa kubeba wanachama wa klabu, akazoeana nao, wakamfundisha. Baada ya mwaka mmoja aliruka kama waliozaliwa angani. Tangu hapo miguu yake haikugusa ardhi hata alipokuwa ameshuka.

Jambo moja tu lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alikuwa amemposa Sofia, binti wa Mzee Masoudi wa Ruangwa, na mzee alikuwa ameipokea barua ya posa pasipo kuijibu. Kwa Mwamina, ambaye ndiye aliyekuwa mshenga, mzee alisema maneno machache.

"Mama, mimi nalima korosho. Fundi seremala namwelewa, mwalimu namwelewa. Huyu wako anaanguka kutoka kwenye ndege. Hiyo ni kazi au ni ajali?"

"Ni kazi, mzee wangu. Tena ya kitaalamu."

"Basi Jumamosi wanakuja kuonyesha kwenye uwanja wetu wa mpira. Nitakaa nitazame. Nikiona ufundi, jibu lenu mtalipata palepale."

Habari ilifika Nachingwea kabla ya Mwamina mwenyewe. Kocha Leonard, kiongozi wa klabu, alimpanga Huzaifa kuruka peke yake siku hiyo.

Ndani ya banda la ndege alikuwepo mtu ambaye watazamaji hawakumjua. Huyu ni Shamimu, mwanamke kutoka kijiji cha Kiegei, ambaye zamani alishona sare za shule sokoni. Alisomea kazi ya miavuli akarudi na cheti, na sasa yeye ndiye fundi wa klabu. Kila begi la mgongoni lilikuwa na miavuli miwili. Ule mkubwa, mrukaji mwenyewe aliukunja akatia sahihi yake daftarini. Ule wa akiba ulikunjwa na Shamimu peke yake, kwa saa tatu, kisha akaufunga kwa uzi mwekundu na muhuri. Bati la banda lilichoma kama kikaango, na Shamimu hakuruhusu feni, kwa sababu upepo ulipeperusha kitambaa.

Ijumaa alasiri, baada ya zoezi la mwisho, Huzaifa alikuta watu wawili mbele yake wakisubiri nafasi ya kukunjia sakafuni. Simu yake iliita. Alikuwa shangazi.

"Mwanangu, njoo upime kanzu! Fundi anafunga!"

"Nakuja, shangazi. Nipe dakika kumi."

Alitoka nje na mwavuli wake begani. Karibu na kibanda cha mandazi, chini ya kivuli cha mkorosho, Mwamina alikuwa ametandika turubai. Wiki nzima kabla ya kuletwa kivulini, turubai hilo lilikuwa limeanikiwa kochoho, yaani mabibo ya korosho yaliyokaushwa juani. Huzaifa alilikung'uta mara mbili, akaliona safi. Mtoto yeyote wa Kusini anajua kwamba maji ya bibo yakigusa nguo hayatoki, na kwamba yakikauka hunata kama gundi. Huzaifa naye alijua. Ila siku ile alikuwa na haraka, na alichokifikiria ni kanzu.

Alikunja, akabana, akafunga begi. Aliporudi bandani kutia sahihi, Shamimu aliinua macho kutoka kwenye mshono wake.

"Huzaifa, umekunjia wapi?"

"Nje hapo, dada. Pana kivuli kizuri."

"Ufungue, urudie hapa sakafuni."

"Dada Shamimu, kukunja shuka nako kuna shule? Kesho watu wanakuja kuona mrukaji, hawaji kuona mfua nguo."

Vijana wawili walicheka. Shamimu hakucheka. Alilisogeza daftari mbele yake.

"Sheria ni kwamba anayekunja ndiye anayetia sahihi. Mimi nimesema. Tia."

Alitia, kwa mbwembwe, akaondoka.

Jumamosi saa nne asubuhi uwanja wa mpira wa Ruangwa ulijaa pomoni. Watu walikuja hata kutoka kijiji cha Chunyu. Mzee Masoudi aliketi kwenye kiti cha plastiki, barua ya majibu mfukoni, tayari kuitoa akiridhika. Sofia alisimama nyuma yake, mtandio umeumwa kwa meno. Shamimu na Kocha Leonard walikuwa wametangulia kwa gari. Ndege ilisikika kabla haijaonekana.

Juu kule, Huzaifa alitoka mlangoni, akahesabu hadi nne, akavuta. Mwavuli mwekundu ulichanua upande wa kushoto. Upande wa kulia haukuchanua. Mikunjo yake ilikuwa imeng'ang'aniana, na mwavuli ukawa kama uso uliovimba shavu moja. Papo hapo ulianza kuzunguka.

Alivuta kamba za breki hadi mapajani, akaachia, akavuta tena. Ardhi iligeuka kuwa sahani inayozungushwa. Kila mzunguko ulikuwa wa kasi kuliko uliotangulia. Alijua la kufanya: kuukata huo utoke begini, kufungua wa akiba. Lakini alichelewa, kwani mtu anayekata mwavuli wake mbele ya wakwe atasema nini? Alizunguka mara saba zaidi kwa sababu ya aibu. Mara ya nane macho yakaanza kuingia giza, na aibu ikakosa pa kukaa. Alikata. Mwavuli mwekundu ukaenda zake, naye akavuta mpini wa akiba.

Mwavuli mweupe ulifunguka kwa mlio mmoja, ukatulia.

Kwa kuwa alikuwa amefungulia juu sana, bado alikuwa na robo saa ya kuelea. Hakuna robo saa ndefu kama ile. Chini yake mikorosho ilijipanga kama vifungo vya shati, na mabati ya Ruangwa yalimetameta. Hakutazama. Alitazama juu, kwenye mishono, mmoja mmoja.

Uwanjani, watu hawakujua lolote. Walichokiona ni mtu aliyezunguka kama pia, akatupa mwavuli mwekundu, akatoa mweupe kama anayebadili shati.

"Anacheza huyo!" Mwamina alipiga vigelegele. "Anawachezea wakwe! Mmewahi kuona?"

Kocha Leonard alikuwa ameshika kichwa. Shamimu alihesabu kwa sauti ndogo, na alipouona mweupe umetanda, akaacha kuhesabu.

Huzaifa alitua karibu na goli, akapiga magoti. Walimbeba juu juu. Walimtua mbele ya Mzee Masoudi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nilikukosea." Mzee alitoa barua mfukoni. "Leo nimeona ufundi kwa macho yangu. Ule mzunguko ndio ulionimaliza. Jibu lako ni hili hapa. Ila nina ombi. Nurdini, kaka yake Sofia, anakaa tu nyumbani. Nataka umfundishe vilevile ulivyofanya, mzunguko na yote."

Umati ulishangilia. Nurdini alikwisha kuvua viatu, tayari kuanza.

Huzaifa alimtazama Sofia, akamtazama Nurdini. Barua ilikuwa mbele yake, umbali wa mkono. Kunyamaza tu kungetosha.

"Mzee, ule haukuwa ufundi," alisema. "Nilikuwa nakufa."

Nurdini alivirudisha viatu miguuni.

"Ule mwekundu niliukunja mimi, juu ya turubai la kochoho, ukanata. Niliambiwa nirudie nikakataa. Mweupe ulionishusha si wangu. Ameukunja dada yule pale."

Vichwa viligeuka. Shamimu, ambaye hakuzoea kutazamwa, aliinamisha uso.

"Binti," mzee aliuliza, "ulichukua muda gani kuukunja?"

"Saa tatu, mzee."

"Na wewe?"

"Dakika kumi," alisema Huzaifa.

Kuna aliyecheka, akanyamazishwa. Mwamina alisogea haraka. "Mzee wangu, kijana amekuwa mkweli, hilo nalo ni..."

"Nimesikia, mama. Nisingempa Sofia mtu mwongo, kwa hiyo hapo amepita. Lakini pia simpi mtu wa dakika kumi." Mzee aliirudisha barua mfukoni. "Siku dada huyu atakapoweka sahihi yake chini ya kazi ya mkono wako, niiteni."

Jumatatu iliyofuata Huzaifa alipiga magoti kwenye sakafu ya banda. Shamimu alimkunjisha mwavuli, akautazama, akaufumua. Siku ya pili akaufumua. Msimu wa korosho ukaisha, mvua zikanyesha zikakatika, na bado aliufumua, pasipo kumsimanga hata mara moja. Wenye maneno mjini walisema posa imekufa. Sofia hakuwasikiliza. Alimrudisha mlangoni mposaji mwingine.

Mwezi wa tano Shamimu alichukua kalamu, akatia sahihi.

Mzee Masoudi alikuja Nachingwea mwenyewe. Hakutaka kuonyeshwa daftari, wala hakutaka ndege irushwe. Alivuta kigoda ndani ya banda, kwenye joto lile, akamwambia Huzaifa, "Kunja." Akakaa akitazama tangu mkunjo wa kwanza hadi kifungo cha mwisho, jasho likimtiririka shingoni sawasawa na kijana aliyekuwa sakafuni. Kisha akasimama, akamkabidhi Mwamina barua ya majibu.

"Leteni mahari," alisema. "Safari hii nimemwona. Siku ile uwanjani nilitazama juu tu, nikasahau kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa."