Udongo Uliolainika

Wapendwa, mnivumilie. Mfano huu nitausimulia vibaya. Mahali pa kulia nitachekesha, mahali pa kucheka nitapiga kelele, na mwisho wake huenda nikausahau. Wewe mama wa kwaya, usianze kucheka, bado sijaharibu kitu!

Kulikuwa na mzee mmoja mstaafu. Mkewe aliugua kifua, hatoki kitandani. Nyumba nzima ilinuka dawa. Kikohozi asubuhi, kikohozi mchana. Basi yule mume akalima kibustani nyuma ya nyumba. Padogo tu, kama kitanda cha mtu mmoja. Akaokota mawe, akachanganya samadi, akaufikicha udongo kwa vidole kama anayeandaa unga wa chapati. Akapanda mchicha na nyanya. Na ajabu, akapona! Ndiyo, yule mzima ndiye aliyepona. Presha ikashuka, usingizi ukarudi. Akishika kopo lake la maji, kikohozi hakisikii tena.

Siku moja mkewe akamwita kupitia dirishani. "Baba Anaeli, hebu nitoe nami nikae hapo. Nizione hizo nyanya zilizoninyang'anya mume."

Mume akacheka. "Kuna umande, Mama Anaeli. Kesho."

Kesho yake mama akaita tena. "Umande umekauka, baba."

"Sasa jua limekuwa kali. Kesho, mama."

"Haya. Ila mie si mchicha, Baba Anaeli. Nikishakatwa, sichipui."

Wapendwa, mnadhani alikuwa mtu mbaya? Hata kidogo. Alikuwa mtu aliyechoka. Nani humu hajui kuchoka?

Mama akafa. Kwao, kama huku kwetu, mtu huzikwa nyumbani kwake. Vijana wakaja na majembe na sululu. Wakajaribu mbele ya nyumba: mwamba. Wakajaribu kwenye migomba: mawe matupu. Mzee yuko ndani na waombolezaji, mara kelele za sululu zikakoma. Akasikia jembe likizama taratibu, kama kisu kwenye ugali. Akatoka mbio.

"Jamani, si hapo! Hiyo ni bustani yangu!"

Kijana mmoja akafuta jasho. "Pole, baba. Kwingine kote jembe linagoma. Hapa umepalainisha mwenyewe."

Ndivyo yule mama alivyotolewa nje hatimaye, akaipata nafasi yake bustanini. Na mpaka leo mzee humwagilia pale kila asubuhi, na majirani wakipita husema, "Tazameni alivyompenda!"

Na sisi je? Bustani si dhambi. Utulivu ni zawadi ya Mungu. Nendeni mkapande, hata kama ni kwenye gunia. Lakini utulivu unaotaka mlango ufungwe ili mgonjwa asisikike, huo tuuiteje? Leo jioni, kabla hujashika kopo lako, toa nje kiti cha pili. Mbebe mwenzako, na umande wake, na kikohozi chake.

Naona mnatazama pale mbele, kiti cha mama mchungaji kiko kitupu. Ana homa tangu juzi. Asubuhi aliniomba nikae naye kidogo. Nikamwambia, "Kesho, mama. Leo nina mahubiri juu ya utulivu."

Mzee wa kanisa, funga kwa sala. Iwe ndefu utakavyo, mimi nimeshatoka.